Nyama ya Liverpool, Maharage ya Butihinda

Nina miji mitatu ya Waingereza ninayoipenda, na sijakanyaga hata mmoja. Nimeijua kwa tumbo. Miaka ishirini na kitu nimepika katika nyumba ya wageni ya Musinzira, huko Gitega, na wengi wa wageni wetu walikuwa watu wa visiwa vile: mafundi wa maji, wauguzi, walimu, na wachache ambao mpaka wanafunga mabegi sikujua walikuja kufanya nini. Mtu aliye mbali na kwao akikaa mezani hazungumzii mfalme wala bunge. Anazungumzia alichokuwa akila. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo begani, nasikiliza.

Ninyi vijana mnaobaki jikoni mliniomba niandike mapishi. Mapishi mnayo tayari, yamo katika lile daftari lenye mafuta kila ukurasa. Mimi nitaandika yasiyomo daftarini. Habari za vyeo na mshahara naziacha, hazikuwa ndefu.

Tulikimbia Butihinda nikiwa na miaka sita, nimeshika kitenge cha mama. Nikakulia Ngara, ng'ambo ya mpaka, nikasoma huko, na ndiyo sababu mmekuwa mkikicheka Kiswahili changu na kukiita cha redio. Baba alibaki kwenye udongo wa Ngara. Amani iliporudi, mama alifunga vitu vyake siku hiyohiyo, wala hakumsubiri mtu. Tulipofika kwenye shamba letu tulimkuta mwanamke amekaa mlangoni anachambua maharage. Jina lake Mama Evariste. Yeye na mumewe walipewa shamba lile miaka mingi sisi hatupo. Walipanda migomba, walizaa pale, na mume alizikwa pale. Sasa alikuwa mjane kama mama yangu, tena wa umri uleule.

Bashingantahe, yaani wazee waamuzi wa mlima wetu, maana kwetu kijiji huitwa mlima, walikaa siku nyingi, kisha wakaligawa shamba nusu kwa nusu. Juu kwake, chini kwetu, na mpaka ukapita katikati ya chemchemi. Mama aliipokea nusu yake kama mtu anayepewa sahani iliyokwisha kuliwa. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakusalimiana. Mmoja akiwa njiani, mwingine alikumbuka ghafla kwamba amesahau jembe nyumbani.

Nusu shamba halikututosha. Nikaenda Gitega kutafuta kazi.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Sadiki, mpishi mkuu, Mwislamu wa mjini kabisa, ukoo wa mafundi cherehani na wafanyabiashara. Alianza kwa kuosha sufuria za mapadri akiwa kijana, na hapakuwa na chakula ambacho hakukijua au hakujifanya kukijua. Alinipa kitunguu na kisu.

"Kata."

Nikakata. Akaangalia kidogo.

"We, kile kitunguu imekukosea nini? Iko unakikata ao iko unakichapa?"

Wiki nzima nilikata vitunguu. Wiki ya pili akanionyesha tanuri letu, lile la nusu pipa ambalo bado mnalo. Kipimajoto hatukuwa nacho. Mzee Sadiki aliingiza mkono na kuhesabu. Ukifika tano kabla hujautoa, ni moto wa mkate. Ukishindwa kufika tatu, ni moto wa nyama. Ukifika kumi, aliyetumwa mkaa alikwenda kuongea. Akanionyesha na ile sufuria nzito nyeusi tuliyoiita Mkurugenzi, kwa sababu haikuondoka mahali pake na kila mtu alizunguka kuipisha.

Lakini kifaa kikubwa alichonipa hakishikiki. Siku moja mgeni aliomba chakula cha mama yake, akakieleza kwa mikono mpaka akachoka, nami nikabaki nimekodoa macho. Mzee akanivuta pembeni, na Kifaransa chake cha kwa mapadri.

"Ecoute, Sipri. Muzungu akikuambia chakula ya mama yake, usibishane naye. Umuulize vitu tatu. Ilikuwa na rangi gani. Ilikuwa ngumu ao laini. Na alikuwa nakula na nani. Ile ya tatu njo ya muhimu. Ukiijua ile, hata ukikosa chumvi, atalia tu."

Jungu kuu halikosi ukoko. Kwa maswali hayo matatu nilitembea Uingereza nzima bila kutoka Musinzira.

Mji wa kwanza ulikuwa Glasgow. Aliuleta Musiyo Duncan, fundi wa maji, mrefu, mwekundu, aliyejifunza Kiswahili akichimba visima Tanzania. Nilimwita Mwingereza siku ya kwanza na nusura arudishe chai.

"Mimi si Mwingereza. Mimi Mskoti."

"Bon," akasema Mzee Sadiki. "Na Mskoti anakula nini asubuhi?"

"Uji. Na chumvi."

"Bila sukari?"

"Bila."

"Donc ni mgonjwa," Mzee akaniambia, akaenda kuchemsha.

Samaki wa Glasgow ndio walionishinda kwa utamu. Tulichukua sangala aliyeletwa na lori kutoka ziwani, tukamvika unga uliokorogwa kwa bia, tukamzamisha kwenye mafuta, na chipsi za viazi vyetu pembeni. Duncan alimwaga siki juu ya vyote mpaka macho yakaniwasha. Alisema kwao kila kitu hukaangwa hivyo, hata chokoleti. Nilidhani ananitania. Wageni watatu waliofuata waliapa kwamba ni kweli. Basi Glasgow nikaiweka akilini kama mji wa mvua isiyokatika na watu wenye njaa ya kweli, na nikaipenda.

Birmingham aliileta daktari wa macho ambaye wazazi wake walitoka Pakistani. Alikaa wiki sita na kila Ijumaa aliingia jikoni mwenyewe. Kuku, nyanya, tangawizi, pilipili, moto mkali, na karai lilelile ndilo sahani: linatoka motoni, linakwenda mezani, watu wanachovya mkate. Mzee Sadiki alikula mpaka kofia ikalowa.

"Voilà! Ile njo muji ya watu!"

Mpaka mwisho wa maisha yake aliamini kwamba Birmingham iko jirani na Ujiji, na mimi sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

London siiweki kwenye orodha. Kila mtu wa London aliniomba chakula cha nchi nyingine. Mmoja tu ndiye aliyeomba cha kwao, samaki mkunga aliyeganda baridi kwenye rojo lake. Huyo sikumuuliza hata swali moja. Na watu wa miji yote, wakubwa kwa wadogo, walinithibitishia kwamba kwao maharage hutiwa sukari, yakafungwa kwenye kopo, yakaliwa juu ya mkate. Nilimpigia mama simu nikamweleza.

"Waombee," akasema.

Mji wa tatu ni Liverpool, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Madamu Joyce alikuwa muuguzi, amekuja kufundisha wakunga pale Gitega na kule Bukirasazi. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, anacheka kabla hajamaliza kusema. Alikuwa na mchuzi wa kwao wenye jina la Kiingereza, lakini jikoni tuliuita Liverpool tu. "Leo iko Liverpool," Mzee alikuwa akisema, na kila mtu alimenya viazi. Nilimuuliza maswali matatu. Rangi: ya udongo. Laini: mpaka kijiko kisimame chenyewe. Alikula na nani? Hapo aliweka kikombe chini. Alisema bibi yake aliishi karibu na bandari, na sufuria ile haikushuka motoni wiki nzima. Aliyebisha hodi alipewa bakuli. Kama nyama hakuna walipika bila nyama, na hakuna aliyeona haya.

"Hata mtu mliyegombana naye?"

"Hasa huyo," alisema.

Viazi, karoti, vitunguu, chumvi, saa tatu motoni, na kiazi chekundu kilicholala kwenye siki pembeni. Na nyama ya kondoo. Kwa Mzee Sadiki hilo halikuwa jambo, watu wake wa mjini hula kondoo kama mbuzi. Kwangu lilikuwa jambo. Kwetu mlimani kondoo haliwi. Ni mnyama mpole, hutembea na ng'ombe, hufugwa kwa heshima, na mzee wa kwetu akikuona unatafuna kondoo atakutazama kana kwamba umekula paka wa jirani. Nilionja kwa sababu mpishi lazima aonje. Mwezi wa pili nilionja mara mbili. Mwaka wa tatu ulimi wangu ulikuwa umesahau kwamba kuna mwiko.

Kisha maji yakafika Butihinda. Yaani mradi wa Duncan. Walipima vilima vyote, wakaona chemchemi inayofaa kuliko zote ni ile iliyokatwa katikati na mpaka wetu. Ingeweza kushusha maji hadi shuleni na hadi zahanati. Watoto walikuwa wakitelemka bondeni na vidumu, saa nzima kwenda na kurudi. Zilihitajika saini mbili tu, ya mama yangu na ya Mama Evariste. Mvua zikianza bila saini, mabomba yatahamia mlima mwingine.

Mama alisema, "Atie yeye kwanza, tena aandike kwamba maji ni yetu." Mama Evariste naye, kule juu, alisema maneno hayohayo, kana kwamba walikuwa wamekaa pamoja kuyapanga.

Duncan alirudi Musinzira amechoka, akaja kukaa jikoni. "Sipri, hawa akina mama wawili, wanakula nini pamoja?"

"Hawajawahi kula pamoja."

"Basi ndiyo shida yenyewe," akasema.

Bashingantahe walisema vilevile: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, lakini saini ya watu wasiokula pamoja ni wino tu. Shida ilikuwa nani apike. Kwetu anayeandaa chakula au kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna sumu. Kati ya wale wawili hata kuonja kusingetosha. Madamu Joyce, aliyeisikia habari hii mezani Musinzira, ndiye aliyelifungua fundo. Ipikwe sufuria ambayo si ya nyumba yoyote, hadharani, mchana, pale chemchemini, kila mtu akiona kinachoingia. Mpishi niwe mimi, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa upande mmoja, nionje mara mbili.

"Na upike Liverpool," akasema.

Tulimpakia Mkurugenzi kwenye gari. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka mahali pake, na Mzee Sadiki alimsindikiza hadi getini kama anayesindikiza mahujaji. Nilipanga kutumia mbuzi. Naomba mniamini, nilipanga mbuzi. Asubuhi tulisimama Muyinga mjini, kwa mchinjaji aliye karibu na soko.

"Mbuzi imeisha, ndugu. Leo iko harusi mbili. Mais iko kondoo, ya leo asubuhi, angalia vile iko mzuri."

Nikasimama pale na kikapu. Nilijiambia kwamba mama alikula mengi Ngara ambayo hatuyataji. Nilijiambia kwamba miiko ya zamani ilibaki ng'ambo. Nilijiambia kwamba kondoo akikaa saa tatu motoni, hata mama yake mzazi hawezi kumtambua. Nikanunua, na Duncan na Joyce, waliokuwa wakiniona kutoka garini, sikuwaambia habari ya mwiko, maana kwao ilikuwa sawa tu. Katika miaka yangu yote ya kazi niliunguza, nilizidisha chumvi, niliwahi hata kumpa mgeni siki nikidhani ni maji. Lakini kosa la kuficha kilichomo sufuriani nililifanya mara moja, siku ile.

Mlima mzima ulikuja. Nilimenya viazi mbele ya macho ya watu mia. Mama alikaa kwenye mkeka wa kushoto, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mama Evariste alikaa kwenye mkeka wa kulia na wajukuu wake. Katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha ng'ombe. Harufu ilipoanza kupanda, niliona pua ya mama ikifanya kazi. Pua ya Mama Evariste pia. Moyo wangu ukatulia. Nikaonja mara ya kwanza, nikaonja mara ya pili, wazee wakaitikia kwa vichwa, nikapakua. Sahani za kwanza niliwapelekea wote wawili kwa pamoja, moja kila mkono, asije mmoja akasema ametangulizwa mwenzake.

Vijiko vilikuwa vimeinuka. Nasema vimeinuka. Ndipo mzee mmoja wa bashingantahe, kwa wema tu, akauliza nyama gani hii inanukia hivi.

Nilifungua mdomo. Duncan akaniwahi. Alikuwa amejifunza Kirundi kidogo kutoka kwa wachungaji wa pale, na alikuwa na furaha kukitumia.

"Intama!" akasema kwa sauti, anatabasamu. "Kondoo! Kama Liverpool!"

Kijiko cha mama kilishuka. Kijiko cha Mama Evariste kilishuka. Sahani mbili ziliwekwa chini kwa mlio mmoja. Nilitamani chemchemi inimeze. Niliyaona mabomba yakipanda gari yanaondoka, nikawaona watoto na vidumu vyao, na mama yangu akizeeka karibu na maji asiyoweza kuyashiriki, na yote hayo kwa sababu mbuzi aliisha Muyinga.

"Sipriyani," mama akasema.

Mama Evariste alinitazama, akaitazama sufuria, kisha akageuka. Akageukia mkeka wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu turudi akamwambia mama yangu neno.

"Mama Sipri, huyu mtoto mulimulelea wapi?"

Watu wote wakageuka kumtazama mama.

"Mimi nilimlea vizuri," mama akajibu. "Ameharibikia Gitega."

"Yoo! Intama! Mbele ya wazee!"

"Na chumvi alitia kwa mkono wake mwenyewe, nilimwona!"

"Alionja, yemwe, jamani! Mara mbili alionja!"

"Baba yake angekuwepo!"

Waliendelea hivyo, mmoja akianza na mwingine akimalizia, wananisema mimi kama wanawake wawili waliokulia ua mmoja. Kisha Mama Evariste akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mama, ambaye sikumwona akicheka tangu Ngara, akajifunika uso kwa kitenge na mabega yakawa yanatikisika. Nilisimama na mwiko mkononi, nimeaibika na nimefurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

"Mais watu iko na njaa," Mama Evariste akasema alipopata pumzi. "Mi nimeacha maharage kwenye moto."

Mama akaufunua uso. "Unga wa muhogo ninao," akasema. "Na mawese."

Ndivyo ilivyokuwa. Maharage yalishuka kutoka juu, ugali ukapanda kutoka chini. Kila mmoja alionja chake mbele ya mwenzake, taratibu, kijiko kizima, mlima wote ukitazama, kisha wakabadilishana sahani. Saini zilitiwa jioni ileile, na vidole vyenye mawese vilichafua karatasi ya Duncan. Kondoo aliliwa na Joyce, Duncan, dereva na watoto wote wa Butihinda, ambao waliirudisha sufuria imelambwa.

Mzee Sadiki nilimweleza yote niliporudi. Aliniuliza jambo moja tu, kama Mkurugenzi amefika salama.

Sasa nimestaafu na nimerudi nyumbani Butihinda. Bomba liko hatua thelathini kutoka mlangoni kwetu. Vijana wenye simu huniuliza mji upi ni bora. Kwa ulimi nasema Birmingham. Kwa siku ya mvua nasema Glasgow. Kwa moyo nasema Liverpool, ingawa chakula chake ndicho pekee nilichowahi kupika wakakikataa watu wawili niliowapikia.

Mama yupo, macho yamefifia lakini ulimi ni mzima. Kila Jumapili baada ya misa Mama Evariste hushuka polepole na fimbo yake, mjukuu amembebea sufuria ya maharage. Hanisalimii kabla hajaniuliza kama leo kuna intama ndani, nami najibu hapana, naye anasema tutaona. Kisha anakaa kwenye mkeka wa mama, uko mmoja tu siku hizi, anafunua sufuria na kuchukua kijiko ili aonje kwanza, kama desturi inavyotaka.

Jumapili iliyopita mama alisikia kijiko kikigonga sufuria. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaushika mkono wa mwenzake hewani.

"Unaonja nini, wewe?" akasema. "Lete hapa, njaa inaniuma."